Fundi Mrisho na Mwendo wa Alfajiri

Wanaume wa nyumba ile hawakuwa wakizeeka. Walifika umri fulani, mvi mbili tatu zimechungulia kwenye ndevu, tumbo limetangulia mbele, basi, wakazikwa. Baba yao ndiye aliyeanza. Akafuata mtoto wake mkubwa, Rehani. Halafu Shaaban, wa pili. Akabaki mdogo wao, mjomba wetu Mrisho, peke yake, na mvi zake zilikuwa zimekwisha kuchungulia.

Wote walikuwa washonaji. Cherehani zao zilikaa barazani kwenye duka la Sultanali, mjini Dodoma, ya Shaaban kushoto, ya Mrisho kulia, na tangu asubuhi mpaka jua ligeuke hawakuinuka ila kwa sala na kwa choo. Miguu inakanyaga kutwa, lakini mtu haendi popote. Chai inakuja ya maziwa, nzito kwa sukari, maana hata miaka ile ya vita ya Hitla, sukari ikigawiwa kwa kupimiwa, Sultanali hakuwanyima mafundi wake. Mkewe, Fatmabai, alikuwa akiwaletea bajia na kalimati. "Fundi akishiba, kushona yake nzuri," ndivyo alivyozoea kusema, na alisema kwa wema.

Shaaban alianza kwa kiu. Anakunywa mtungini, anakwenda chooni, anarudi mtungini. Kisha akakanyaga msumari, kidonda kidogo tu, lakini kikakataa kupona, na mguu ule akawa anauburuta. Ukisikia nje ta, shwaa, ta, shwaa, unajua Shaaban huyo. Tena kulikuwa na jambo ambalo watu wa nyumbani hawakulisema mbele ya wageni. Pale alipokojoa, sisimizi walikuja. Si mmoja mmoja. Walikuja kwa mstari, kama watu waliosikia kwamba mahali fulani kuna pilau.

Alipokufa, waliokwenda makaburini walirudi na maneno ambayo kwanza hawakutaka kuyasema. Walisema kaburi lilikuwa limechimbwa vizuri, udongo mkavu, safi. Lakini jeneza halijafika bado, mstari wa sisimizi ulikuwa umekwisha kushuka ndani. Mchimbaji akaufagia kwa tawi la mti. Ukarudi. Akaufagia tena. Ukarudi palepale. Basi wakamlaza marehemu hivyohivyo.

Matanga hayajapoa, mjomba Mrisho akatoka chooni siku moja akasimama katikati ya ua, kopo la maji mkononi, hasemi, haendi.

"Una nini wewe?" mkewe Kudra akamuuliza.

"Wamekuja."

"Akina nani?"

"Wale wadogo. Wamekuja kwangu sasa."

Kudra akaenda kuangalia mwenyewe. Alirudi ameshika mdomo kwa upande wa kanga.

Ndugu walitaka apelekwe kwa mganga, wakisema ukoo umefungwa na mtu. Kudra akasema mganga yupo tu, hahami, kwanza waende hospitali. Kule kulikuwa na dresa mmoja, msaidizi wa daktari, Bartolomayo, Mgogo mwembamba mwenye sauti ya pole, aliyewahi kushonewa suruali na Shaaban. Alichukua mkojo wa Mrisho kwenye kichupa, akatia dawa ya rangi ya buluu, akachemsha juu ya moto. Dawa ikageuka kijani, ikageuka manjano, ikasimama kwenye wekundu kama wa tofali.

"Fundi," dresa akasema, "wewe ni mtamu."

"Mke wangu hasemi hivyo."

"Sikutanii. Sukari imejaa mwilini mpaka inamwagika. Ndugu zako ilikuwa hiyohiyo."

Mjomba akauliza kama kuna sindano. Dresa akamwambia sindano yake ni ya kutafuta, vita imezuia meli, na hata ingekuwapo, kwa hali yake kuna la kufanya kwanza. "Sukari acha kabisa. Bajia za kwa Mhindi acha. Kula ugali wa uwele na mlenda, hicho chakula chetu ambacho nyinyi wa mjini mnatucheka. Kula kiasi, inuka kabla hujashiba. Lala mapema. Nyayo zako ziangalie kila siku, usiende peku hata uani. Na utembee. Alfajiri, kabla hujaketi kwenye cherehani, nenda mbali, nenda mbio, mpaka jasho litoke."

"Nikifanya hayo nitaishi?"

"Mimi ni dresa tu, fundi. Nikisema utaishi nitakuwa mwongo. Lakini usipofanya, hapo najua."

Basi mjomba akaanza. Kudra alitwanga uwele mwenyewe, akawa anapika mlenda hata majirani wakauliza kama nyumba imehamiwa na Wagogo wa Mvumi. Chai ikawa ya rangi, chungu, na mjomba aliinywa amefumba macho kama mtoto anayenyweshwa dawa. Barazani wenzake walimtania. "Mrisho siku hizi anakula majani kama mbuzi!" Sultanali alimtazama juu mpaka chini akatikisa kichwa. "Fundi, wewe nakwisha. Upepo ya Dodoma takuja kuchukua wewe, peleka Singida, mimi tapata wapi fundi ingine?"

Na alfajiri, baada ya sala, alikuwa anatembea. Alishika njia ya Miyuji, inayopita nyuma ya nyumba ya marehemu Shaaban, chini ya dirisha la chumba alimokaa mjane wake, Stara. Anakwenda mpaka miiba ianze, anageuka jua linapotoka.

Sasa, kulikuwa na kosa moja ndani ya jambo hilo jema, na kosa hilo ni la mtu wa cherehani.

Nguo za marehemu hutolewa sadaka, mila ndiyo hiyo. Za Shaaban zilitolewa. Lakini moja ilisahaulika, kanzu yake ya kazi, iliyokuwa imefungwafungwa chini ya cherehani yake barazani. Begani ilikuwa na kiraka cha kaniki nyeusi, maana Shaaban aliiunguza kwa pasi ya mkaa na wakati ule wa vita bafta nyeupe ilikuwa haipatikani, hata sanda yake mwenyewe iliombewa kibali Boma kwa wakubwa wa serikali. Mjomba Mrisho alipoiona, fundi aliyemo ndani yake alishinda. Nguo nzima kama ile, uitoe, wakati watu wanavaa magunia? Kanzu zake mwenyewe zilikuwa zikimpwaya kadiri alivyokonda, na hakutaka kuzichana kwenye miiba ya Miyuji. Akasema moyoni, hii itakuwa ya kutembelea tu. Akaivaa. Ikamkaa sawasawa, kama aliyepimwa.

Tangu hapo watu wa alfajiri wakaacha kumsalimu. Wanawake waendao kisimani walishuka njia wakasimama kwenye majani mpaka apite. Mjomba alifikiri ni kwa sababu ya haraka yake. Naye mwili ulikuwa unamfurahisha. Kiu ilikuwa imekwisha, uvimbe wa miguu umeshuka, alipanda kilima bila kutweta. Siku moja alitoka chooni anacheka peke yake. "Hawajaja," akamwambia Kudra. "Hata mmoja!"

Kulikuwa na Mgogo mmoja, Matonya, aliyeleta maziwa mjini kutoka upande wa Miyuji, vibuyu juu ya punda. Punda alivaa kengele. Kila alipokutana na mjomba, Matonya alimvuta punda pembeni kumpisha, kengele ikanyamaza. Mjomba anapita. Na kengele haikuanza tena mara ile. Mjomba anakwenda, anakwenda, anasikiliza, ndipo nyuma huko inalia. Alidhani punda ni mkaidi. Kisha akaanza kuisikilizia kila siku, na kila siku ukimya ule ulizidi urefu, kana kwamba Matonya anapisha kitu kinachopita polepole. Hakumwuliza. Mtu huuliza jambo ambalo anataka kujibiwa.

Kwa Stara, mambo yalikuwa yanaharibika. Alikuwa bado ndani ya eda, hatoki, na chakula alichopelekewa kilirudi kama kilivyokwenda. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, sasa mifupa ya shingo ilionekana. Kudra alilala kwake siku moja kumwangalia. Adhana haijaadhiniwa akamwona anainuka, anachochea moto, anapika chai ya maziwa, anatia sukari, mgao wake wote wa sukari ndiyo huo, kisha anaiweka kwenye ukingo wa dirisha la nyuma.

"Ya nani hiyo, wifi?"

"Ya mwenyewe."

Stara akaketi chini ya dirisha akisikiliza. Kudra akajifanya amelala, na usingizi ukamshika kweli. Alipoamka, kikombe kilikuwa kitupu. Kilikuwa kikavu hata chini, na sisimizi wamekizunguka.

Habari ilifika msikitini kabla ya adhuhuri. Alasiri akaja mzee Abbasi, binamu yao, mtu wa kutumwa kwenye mambo magumu. Hakutaka hata maji.

"Mrisho, acha kutembea."

"Kaka, kutembea ndiko kunakonifanya unione hapa."

"Mtaa mzima unasema Shaaban hakulala. Anaonekana alfajiri na kiraka chake begani. Mke wake anampikia chai, anajiua kwa njaa. Unajua wanasema nini juu yako? Kwamba unapata afya kwa kumtumikisha ndugu yako kaburini."

 Mjomba akainamia mikono yake. "Nilivaa kanzu yake," akasema.

"Ulivaa nini?"

"Nguo zilikuwa adimu, kaka."

Abbasi alimtukana matusi ya kiutu uzima, yale yanayoanza na jina la Mungu. Kisha akapumua. Akasema basi dawa ni nyepesi. Kanzu itolewe sadaka leo, Stara aelezwe ukweli, na Mrisho atulie nyumbani mpaka maneno yafe.

"Yatakufa lini?"

"Mwaka, mwaka na nusu."

"Mimi nitatangulia," mjomba akasema.

Wakaenda kwa Stara jioni, yeye na Kudra. Mwanamke aliye edani haonani na shemeji yake, kwa hiyo mjomba alisimama nje ya pazia la mlango na kanzu ile mkononi, na Kudra akaingia ndani kwa mjane.

"Shemeji, umeshindaje?"

"Nimeshinda salama."

"Shemeji, nimekuja kukutoa wasiwasi. Huyo unayemwona alfajiri ni mimi. Kanzu ya marehemu niliivaa mimi. Nimekosa, unisamehe. Hakuna mtu mwingine. Kula, mama wa watu."

Ndani pakatoka kicheko kidogo, kile cha zamani lakini kimechakaa.

"Kwani nani asiyekujua wewe, Mrisho? Unatembea kama bata aliyechelewa mnadani. Na kanzu niliiona siku ya kwanza. Nikasema, huyu naye, hata ya maiti hakuiacha!"

Kudra akacheka bila kutaka. Mjomba hakucheka.

"Sasa, chai unamwekea nani?"

"Anayekuja nyuma yako."

Upepo ulikuwa unavuta pazia ndani na kulirudisha. Mjomba alisema baadaye kwamba alitaka kuondoka, lakini miguu, miguu ile iliyokuwa imepata nguvu, haikumsikiliza.

"Wewe unapita mbio," Stara akasema. "Vumbi lako likishatua, ndipo naye anafika. Ta, shwaa. Ta, shwaa. Anashika ukingo wa dirisha, anapumua. Anakunywa, anaendelea. Kila siku anachelewa zaidi. Mguu unamuuma, Mrisho. Unamkimbia ndugu yako. Ukiendelea hivi atakupoteza, na akikupoteza wewe, hatajua njia, atakuja kunichukua mimi nimwongoze. Nimekwisha kujitayarisha. Au umngojee. Punguza mwendo, shemeji yangu. Mngojee."

Kanzu ilipelekwa msikitini jioni ileile, usiku haujaingia. Mzee Abbasi akaipokea kwa ncha za vidole.

Alfajiri yake Kudra alikaa mlangoni kumzuia mumewe. "Leo tu," akasema. "Pumzika leo tu."

"Rehani naye alipumzika," mjomba akajibu. "Shaaban akapumzika. Nikipunguza mwendo nitalala nao. Na nikimkimbia, yule mwanamke atamfuata. Nipishe, Kudra. Sijui nitafanya nini lakini si kwa kukaa."

Akatoka na shati na shuka, hakuna uzi wa Shaaban mwilini mwake. Ulikuwa mwezi wa baridi, upepo unasukuma mchanga chini chini kama maji. Alipita dirishani kwa Stara, akaona kikombe kinatoa moshi. Akaenda. Akakutana na Matonya, punda akavutwa pembeni, kengele ikanyamaza. Safari hii mjomba alisimama. Hakugeuka. Alisimama katikati ya njia akitazama mbele, kule milima ilikoanza kupata rangi, akasikiliza.

Ta, shwaa.

Ilikuwa mbali, na ilikuwa inakuja. Punda wa Matonya alikuwa anarudisha masikio nyuma. Mjomba alisema jasho lililomtoka siku ile halikuwa la kutembea. Akangoja mpaka mburuzo ukawa karibu, karibu kabisa, na baridi ikamgusa shingoni kama mtu anapofungua mlango wa chumba kisichokaliwa. Ndipo akasema, bila kugeuza kichwa, kwa sauti ya barazani waliyozoea kusemeshana cherehani zikilia:

"Kaza mwendo, kaka. Dresa amesema mpaka jasho."

Akaondoka. Mbio zilezile, hakupunguza.

Wakati wa kurudi alipita kwa Stara akasimama kando ya dirisha, mgongo ameuelekeza ukutani. "Shemeji," akasema, "hiyo chai ndiyo iliyomuua. Usimpe tena. Mpikie uji wa uwele, usitie sukari. Na usipike wa kikombe kimoja, uwele mdogo haupikiki, unaungua. Pika wa sufuria, wake umtolee, uliobaki unywe wewe."

Kudra aliuleta uwele yeye mwenyewe. Mzee Abbasi aliposikia alisema marehemu hanywi uji, hayo ni makufuru, lakini alipoambiwa kwamba Stara amekula, akakohoa, akazungumzia mvua.

Kikombe cha kwanza, Stara alisema, kilikaa dirishani mpaka jua likakipiga. Hakikuguswa. "Amenuna," akamwambia Kudra. "Hata akiwa hai, uwele alikuwa hautaki." Siku zilizofuata kilipungua kidogo. Kisha kikawa kinakwisha. Na chini ya kikombe sisimizi hawakuonekana tena, dirisha lilikuwa safi kama limefutwa.

Wale waliokuwa wakisikiliza, na Stara hakuwa peke yake sasa, kwa maana Kudra naye aliishia kusikia, walisema mburuzo ulibadilika. Kwanza ulikuwa unachelewa. Kisha ukawa unamfuata mjomba kwa karibu. Shwaa ikafupika. Ikaja alfajiri ambayo mjane alisikia nyayo za mjomba, ta, ta, ta, na nyuma yake nyingine, zimeinuliwa vizuri, ta, ta, ta, za mtu mzito anayejitahidi. Akalia siku ile, Kudra akamwacha alie.

Mwaka ambao ulikuwa wa kumzika mjomba Mrisho ukapita. Dresa Bartolomayo alichemsha kichupa chake, dawa ikabaki buluu, akakiinua kwenye mwanga akakigeuzageuza kama haamini. Sultanali alimwambia mjomba kwamba sasa anakaa kwenye cherehani kama kijana, akaacha kumletea bajia, na Fatmabai akauliza huo mlenda unapikwaje.

Kabla ya hayo yote, Stara alipotoka eda, alioga, akavaa kanga mpya, na alfajiri ya pili yake akasimama mlangoni kwa mjomba.

"Nataka kutembea," akasema. "Magoti yangu yamekaa mno. Na mimi nina umri wangu."

Basi Kudra akaenda pia, ili watu wasipate la kusema. Watu walipata, lakini wakazoea. Wanawake wa kisimani walirudi kusalimu. Matonya ndiye ambaye hakubadilika, anavuta punda pembeni, kengele inanyamaza, anangoja wapite.

Mjomba anatangulia. Nyuma yake Stara, kisha Kudra. Siku moja Kudra alitaka kumwambia mumewe jambo la sokoni, akaharakisha, akampita Stara na kuingia pale mbele yake, palipokuwa na nafasi. Nafasi ile ilikuwa ya mtu mmoja, mwenye mabega mapana. Stara akamshika kanga akamvuta, taratibu, kama unavyomvuta mtoto anayetaka kukaa kwenye mkeka wa wakubwa.

"Hapo pana mtu, wifi. Njoo huku."

Kudra akarudi nyuma. Mbele, mjomba Mrisho alikuwa amesikia. Hakugeuka. Alizidisha mwendo kidogo tu, na nafasi ile nyuma yake haikupanuka.